Nilivyomsaidia Mjukuu Wangu Kwenye Makumbusho

Nataka kueleza jinsi nilivyomsaidia mjukuu wangu kupata kazi, kwa sababu nimesikia watu wa hapa Mabatini wakiisimulia habari hii vibaya. Wanasema niliharibu. Si kweli kabisa. Niliharibu mwanzoni tu, na katikati.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza wageni kwenye makumbusho ya historia na utamaduni, yale yaliyoko juu ya kilima nje kidogo ya mji, katikati ya mawe makubwa ambayo mgeni akifika Mwanza lazima aulize nani aliyapanga. Nafasi ilikuwa moja na walioitwa walikuwa wawili: mjukuu wangu, na kijana mmoja aliyemaliza chuo kule Nyegezi. Hawakufanyiwa usaili wa kukaa kwenye kiti na kuulizwa maswali. Mkuu wa makumbusho alisema kila mmoja atapewa kundi la wageni wa kweli aliongoze, na yeye atatembea nyuma akisikiliza. Kijana alikuwa ameshaongoza kundi lake, na habari zilizotufikia ni kwamba aliongea vizuri mno. Zamu ya mjukuu wangu ilikuwa Jumamosi. Akikosa, angekwenda Dar es Salaam kwa mama yake mdogo kusuka nywele. Mama mdogo huyo, ambaye ni binti yangu wa mwisho, alikuwa amemwekea kiti saluni, na kila jioni alipiga simu kuuliza kitakaliwa lini.

Mjukuu wangu hakutaka kusuka nywele. Hakuniambia, maana huyu mtoto haniambii mambo. Nilijua kwa sababu wiki zile zote alikuwa jikoni akipepeta mchele huku akiueleza ungo habari za watemi, wale watawala wetu wa zamani, za ngoma zao na viti vyao. Alipodhani nimelala aliuliza maswali kwa sauti ya mgeni na kuyajibu kwa sauti yake. Ile sauti ya kujibu ilikuwa nzuri. Sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

Tumemlea mimi na marehemu mke wangu tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa bado anatambaa. Niseme vizuri zaidi: mke wangu alimlea, mimi nilimsimamia. Ujana wangu wote nilikuwa karani wa kununua pamba vijijini. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu cha kuvalia suti. Kazi ya karani ni kusoma mizani na kutamka namba, na namba ikishatamkwa hakuna wa kuuliza. Ukiifanya kazi hiyo muda mrefu unaizoea sauti yako. Nilipostaafu mizani niliiacha ofisini, lakini sauti nilikuja nayo nyumbani.

Huku kwetu babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike humwita babu yake mume wangu, na babu humwita yeye mke wangu. Bibi naye huwa mke mwenza, na hao wawili hushinda wakitukanana kwa raha zao. Mtoto anaweza kumuuliza babu meno yake yamehamia wapi, na babu hana ruhusa ya kununa. Wazee wetu waliona mbali. Mtu akizeeka hakuna anayethubutu kumwambia ukweli, kwa hiyo waliikabidhi kazi hiyo kwa wajukuu.

Mimi niliona ni ushamba. Siku moja mtoto yule, akiwa bado mdogo hajaanza shule, alinipandia mgongoni akasema, “Mume wangu, nipeleke sokoni.” Nilimshusha, nikamsimamisha mbele yangu, nikamweleza kwamba mimi si mume wake, ni babu yake, na kwamba mtoto mwenye adabu husema shikamoo, kisha husubiri asemeshwe. Mke wangu alinitazama akasema jambo kwa Kisukuma ambalo sitaliandika. Mtoto alisema, “Shikamoo, babu,” akasubiri. Akawa hodari wa kusubiri. Nilitaka heshima nyumbani kwangu na nilipewa heshima, kila siku, sahani kwa sahani, ya baridi kama ugali wa jana.

Ijumaa usiku nilimwambia nitakwenda naye makumbusho ili apate mtu wa kumtia moyo. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, “Karibu, babu.”

Mtu mwingine angesikia ule unyamavu. Mimi nilisikia lile neno karibu tu.

Nilivaa suti. Miwani niliiweka mfuko wa ndani, kwa sababu naamini nikivaa suti na miwani kwa pamoja nafanana na mtu aliyekuja kuomba mkopo. Tulipanda bajaji, tukapita kando ya ziwa hadi lami ikaisha, na njia nzima mjukuu wangu aliangalia nje huku midomo ikitembea bila sauti. Nilimwambia, “Usiwe na wasiwasi, mimi nipo.” Akasema, “Ndiyo, babu.”

Makumbusho ni jengo la duara kama nyumba za msonge za zamani. Nyasi za kuezekea ni gharama na zinaingia mchwa, kwa hiyo wameezeka bati, halafu bati wakalipaka rangi ya nyasi. Mlangoni kuna kibao cha kukaribisha wageni na kingine cha kukataza kugusa. Mkuu alitupokea. Ni mama wa umri wa binti yangu yule wa saluni, amevaa viatu vya chini na uso usiosema kitu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu ni mjukuu wangu. Nimekuja kumsindikiza.”

“Karibu sana,” alisema. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliposema hivyo alikuwa anamwangalia mjukuu wangu, na mjukuu wangu alikuwa anaangalia sakafu.

Kundi alilopewa lilikuwa la akina mama wauza samaki wa Mwaloni, kule Kirumba. Walikuwa na chama chao cha kuweka akiba, na mwaka huo badala ya kununuliana sahani waliamua kutembea wakaone mambo. Wote walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja chenye picha za tausi. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa Kijita mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini za mitumbwi. Waliniamkia wote kwa pamoja, nikaitikia kwa pamoja, na papo hapo, nakiri, nilianza kujisikia kwamba wamekuja kunitembelea mimi.

Mjukuu wangu alianza vizuri. Alijitambulisha, akawauliza nani ameshawahi kufika pale, akatania kidogo kuhusu tausi. Wakacheka. Niliona mabega ya mkuu yakishuka kidogo, kama ya mtu anayesema moyoni, huyu anaweza. Tulifika kwenye kabati la kwanza. Ndani kulikuwa na chungu cheusi kimoja chenye midomo miwili, shingo mbili zimeota kwenye tumbo moja.

“Chungu hiki,” alisema, “kilikuwa cha familia iliyopata mapacha. Mapacha walikuwa na mambo yao ya kimila, na chungu kama hiki kilitumika katika...”

“Hapana,” nilisema.

Sijui hata lilitokaje. Sikulipanga. Lilitoka kama namba inavyotoka kwa karani akiangalia mizani.

“Hicho ni chungu cha pombe cha mtemi,” niliwaeleza akina mama. “Mdomo mmoja anakunywa mtemi, mdomo wa pili anakunywa mgeni wake. Kwa nini? Ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Pombe ni moja, tumbo ni moja.”

Nilikuwa nimesikia wapi habari hiyo? Mpaka leo najiuliza. Nadhani sikuisikia popote. Ilinijia ikiwa imekamilika, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliiamini wakati huohuo naitunga.

Mjukuu wangu alinitazama. Mkuu alimtazama mjukuu wangu. Akina mama walitazama kabati, wakanitazama mimi.

“Ndiyo, babu,” alisema mjukuu wangu. Akasogea kabati la pili.

Pale palikuwa na jembe la chuma, jeusi, lenye umbo la moyo. Alisema lilifuliwa na Warongo, wahunzi wa upande wa Geita, na kwamba watu walitolea mahari kwa majembe kabla ya fedha. Alisema taratibu, akiwa ameniegemezea jicho moja. Nami nikaona anasitasita, nikadhani hajui, nikaona ndiyo nafasi ya kumsaidia.

“Mahari ilikuwa ng'ombe,” nikasema. “Msukuma na mahari ya jembe wapi na wapi! Hilo ni jembe la kuchimbia kaburi la mtemi. Likishachimba mara moja halilimi tena.”

“Kumbe!” alisema mama mmoja wa nyuma.

“Ndiyo maana halina hata alama ya udongo,” nikaongeza.

“Ndiyo, babu,” alisema mjukuu wangu.

Mkuu alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia kwa sababu masikio yangu bado mazima, “Wewe ndiye unayeongoza. Endelea.” Akajibu, “Ndiyo, mama.” Kisha tukaingia kwenye ngoma, na kwenye ngoma niliwaongoza mkuu, mwongozaji na wageni, nikawaeleza kila ngoma ililia lini na kwa ajili gani. Mwenyekiti wa akina mama aliniuliza maswali na niliyajibu yote. Hakuna swali lililonishinda siku ile. Mjukuu wangu alikuwa anatembea nyuma yangu, mikono imeshikana mbele, kama anapopeleka maji ya kunawa kwa wageni.

Kilichonikamata ni haja ndogo. Wazee wenzangu wataelewa. Niliwaacha wakipumzika kwenye benchi, nikatoka, na niliporudi nilipitia tena chumba cha kwanza nikiwa peke yangu. Pembeni ya chungu kulikuwa na karatasi ngumu ya njano imebandikwa ukutani. Nilidhani ni bei. Nikatoa miwani.

Iliandikwa kwa herufi kubwa ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa barabarani: CHUNGU CHA MAPACHA. Chini yake maelezo, yaleyale aliyokuwa anayasema mjukuu wangu, karibu neno kwa neno. Nikaenda kwenye jembe. JEMBE LA MAHARI, LIMEFULIWA NA WARONGO. Ngoma sikuzifuata. Mtu huwa anajua wakati wa kuacha kusoma.

Nikawa nimesimama pale na miwani yangu. Akina mama wote wale walikuwa wamesimama mbele ya karatasi ile. Wanasoma majina ya mitumbwi alfajiri gizani, watashindwaje herufi kubwa mchana? Niliirudisha mfukoni, nikarudi kwenye benchi nikakaa karibu na mwenyekiti.

“Mwenyekiti,” nilimuuliza polepole, “kile chungu. Mlisoma maandishi?”

“Tulisoma, mzee.”

“Na jembe?”

“Na jembe tulisoma.”

“Mbona hamkuniambia?”

Alinigeukia, akaniangalia kuanzia viatu. “Tukuambie nini, mzee, na suti yote hiyo? Mtu mzima hakosolewi. Anasindikizwa.”

Wenzake wawili waliziba midomo kwa kitenge. Basi nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Mtu mmoja tu ndiye asiyeweza kunisindikiza bila kupotea naye, kwa sababu kazi yake siku ile ilikuwa kusema kilicho kweli. Na mtu huyo nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba mbele yangu kuna jibu moja tu.

Nikaamua kurekebisha. Kosa langu la pili lilikuwa kurekebisha kwa njia ileile niliyolifanyia la kwanza. Kundi liliposimama nilipaza sauti: “Jamani, naomba niseme. Kule mwanzo nilikosea. Chungu ni cha mapacha, jembe ni la mahari. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa sahihi.”

Nilidhani atafurahi. Uso wake ulijaa hofu. Babu yake alikuwa anajishusha mbele za watu, na mtoto mwenye adabu afanye nini? Akafanya kile alichofundishwa.

“Hapana, babu,” alisema haraka, “hata wewe ulikuwa sahihi. Wapo wazee wanaosema hivyo pia. Kuhusu pombe.”

“Wapo?” aliuliza mkuu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa sauti.

“Wapo,” alisema mjukuu wangu.

Sasa alikuwa amewadanganya wageni, mbele ya mkuu, kwa ajili yangu. Niliona uso wa mkuu ukifunga kama duka. Nikaiona saluni ya Dar es Salaam, na kile kiti.

Chumba cha mwisho walikuwa wamejenga nusu ya nyumba ya msonge, imekatwa katikati ili mgeni aone ndani: kitanda cha miti, mafiga, vibuyu vya maziwa, sanamu mbili za udongo za babu na bibi zimekaa kwenye vigoda. Babu wa udongo alikuwa na uso wa mtu anayejua kila kitu. Mjukuu wangu alisimama kando yake akaendelea, akikariri sasa, bila ile sauti ya jikoni.

“Katika familia kulikuwa na utani kati ya babu na mjukuu. Mjukuu wa kike aliweza kumwita babu mume wake, na kumtania mbele ya watu, na babu hakuruhusiwa kukasirika. Desturi hii ilisaidia...”

“Kulikuwa?” alidakia mwenyekiti. “Unasema kulikuwa? Binti, kwetu bado kupo! Wajukuu zangu wananiita bibi kambare kwa ajili ya hizi ndevu mbili. Ninyi Wasukuma mmeuweka utani makumbusho?”

Akina mama wakacheka.

“Si babu yako huyu hapa?” akaendelea. “Wa udongo wa nini? Hebu mtanie tuone.”

“Mtanie! Mtanie!” wakaitikia wenzake.

Mjukuu wangu alinitazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Nimeona watu wengi wakishindwa kusema mbele yangu, wakulima wazima na jasho lao, lakini sijawahi kuona mtu akitafuta neno kiasi kile na kukuta hana hata moja. Alikuwa anaijua desturi ile kwa tarehe na maelezo, kama mtu anavyoijua nchi ambayo hajafika. Mimi ndiye niliyemnyima nauli.

Mkuu akatazama saa.

“Mke wangu,” nilisema.

Lilitoka kavu, kwa sauti ya karani, kana kwamba naita jina kwenye foleni. Lakini lilitoka.

“Mke wangu, unaogopa nini? Si mahari nilishatoa?”

Vigelegele vilipigwa hadi bati la juu likaitikia. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa na mwenye nyumba kwamba mbwa hang'ati. Nikafikiri basi, nimeharibu hata hili. Ndipo akasema, polepole, akipima kila neno:

“Mahari gani? Ulinitolea kile chungu cha mtemi?”

Mwenyekiti alishika nguzo. “Weeeee! Mjibu, mume!”

“Nilitoa ng'ombe,” nikajaribu.

“Ng'ombe gani wewe unaweza kumwona? Kibao kina herufi kubwa kama mbuzi, umesimama mbele yake ukasoma pombe! Miwani umeificha mfukoni unaionea haya, mbona hukuionea haya hadithi ya sumu?”

“Mwongeze!” walipiga kelele akina mama. “Mwongeze huyo!”

Akageuka kwao, na nikaisikia ile sauti ya jikoni. “Wageni wangu, naomba turudi nyuma kidogo. Mume wangu amezeeka, na nilimwachia kwa sababu ya ndoa, lakini makumbusho hayana ndoa. Na mimi niliposema wapo wazee wanaosema hivyo, nilikuwa namfichia. Mzee anayesema hivyo ni mmoja tu duniani, ndiye huyu.” Akatutoa wote, akaturudisha kwenye chungu na jembe na ngoma, akaeleza upya kila nilichokivuruga. Kila kitu alikiunga kwa kunichoma, ili wasisahau, na hawakusahau. Mama mmoja alimuuliza mapacha walifanyiwa nini, akajibu vizuri, na pale asipojua alisema hajui. Mkuu alikuwa amesogea mbele, katikati ya akina mama.

Ningependa kuishia hapo. Lakini maji yaliyozuiwa muda mrefu hayatoki kwa kipimo. Tuliporudi kwenye msonge mwenyekiti alisema, “Ongeza la mwisho,” na mjukuu wangu, akiwa bado anatabasamu, akasema:

“Huyu mume wangu ni wa ajabu. Tangu naanza shule ananiuliza nimekuwa wa ngapi. Hajawahi kuniuliza kama nimeshiba. Bibi alipokufa alinikuta jikoni nalia, akaniambia nikanawe uso, wageni wanakuja.”

Wawili watatu walicheka kwa kuwa walikuwa bado wanacheka. Yeye mwenyewe aliweka mkono mdomoni.

Utani una sheria: aliyetaniwa hakasiriki, wala hajitetei. Ni sheria ngumu kuliko inavyoonekana. Lile la jikoni ni kweli tupu. Nakumbuka hata beseni. Siku ile niliona namfundisha ujasiri, na ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kwamba akiendelea kulia na mimi nitaanza, nikiwa na suti ya msiba tayari mwilini. Hayo yote ningeweza kuyaeleza. Sikuruhusiwa. Nikasema kitu pekee ambacho mume aliyetaniwa anaweza kusema.

“Umenipata, mke wangu.”

“Amekupata, mzee,” alisema mwenyekiti, na safari hii hakupaza sauti. Akanishika mkono kunivusha kizingiti, kana kwamba nimekuwa mzee ghafla.

Nje, akina mama walipiga picha na mjukuu wangu chini ya bati la nyasi, wakaondoka. Mkuu alituita pembeni. Uso wake kwa mara ya kwanza ulikuwa unasema kitu.

“Mlifanya mazoezi muda gani?” aliuliza.

“Ya nini?” nikasema.

“Lile igizo. Babu kukosea, mjukuu kunyamaza, halafu utani. Mwanzoni nilikasirika, nikaona hamna kitu. Kumbe mlikuwa mnajenga! Na lile la mwisho la bibi, watu karibu walie.” Akamgeukia mjukuu wangu. “Nataka mlifanye kila Jumamosi. Kazi nakupa. Mzee tutampa nauli na chakula cha mchana.”

Nikiri hili nalo, maana ndilo linaloniaibisha kuliko chungu. Nilishafungua mdomo kukubali. Nilijiona kila Jumamosi, suti, vigelegele, chakula cha mchana. Neno la kweli la kwanza kati yangu na mtoto yule, na mimi nilikuwa tayari kulirudia mbele ya watalii kwa sahani ya wali.

“Hapana, mama,” alisema mjukuu wangu.

Tulimgeukia wote wawili.

“Halikuwa igizo. Ile habari ya bibi si sehemu ya ziara.”

“Lakini wageni wameipenda.”

“Najua. Kama kazi ni mpaka babu awepo, basi mpe yule kijana wa Nyegezi.” Hakutazama sakafu.

Nilitaka kusema neno la kumsaidia. Niliuma ulimi, kwa maana halisi, na meno niliyobaki nayo.

“Mwanzo ule ulikuwa unasema ndiyo kwa kila mtu,” mkuu alisema hatimaye. “Nilikuwa nimeshaamua kukuacha. Mwongozaji anayekubali kila anachoambiwa na mgeni, baada ya mwaka mmoja vitu vyote humu vitakuwa vimebadilika majina.” Akamtazama kidogo zaidi. “Njoo Jumatatu asubuhi. Tutaanza na miezi ya majaribio. Mzee, karibu tena wakati wowote.”

Alivyolisema lile karibu, safari hii nilisikia vizuri.

Tulirudi kwa bajaji. Nilitegemea, sijui kwa nini, kwamba mlango ukishafunguliwa mbele za watu utabaki wazi nyumbani. Usiku ule nilisema, “Mke wangu, hongera,” akasema, “Asante, babu,” akaondoa vyombo.

Jumatatu aliondoka alfajiri na sketi aliyoipiga pasi mara mbili. Nyumba ilikuwa kimya. Nikaona nimpikie, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nioe. Niliinjika maharage, nikatoka nje kukaa kidogo na jirani, nikarudi kwa kuitwa na moshi. Alipofika jioni amechoka, miguu imejaa vumbi la kilimani, nilimpakulia. Nilimuuliza kama kazi ilikwenda vizuri, akasema vizuri. Alikula yote. Nilikaa mbele yake nikitazama kijiko kikipanda na kushuka, na nilipoonja ya kwangu nilitema.

“Umeshiba?” nilimuuliza.

“Nimeshiba, babu. Maharage matamu.”

Kesho yake niliyaunguza tena, mara hii kwa makusudi, nione atayasifu mpaka lini.